Sauti Safi ni Ipi?

Kila Jumamosi alasiri, saa tisa inapokaribia, huchukua funguo za stoo na kushuka taratibu hadi kanisani kuwafungulia vijana wa kikundi cha sifa. Kazi hiyo nilipewa nilipostaafu. Wazee wenzangu walisema kwamba mtu aliyeongoza shule miaka mingi bila kupotelewa na jembe hata moja hawezi kushindwa kulinda magitaa mawili na ngoma. Majembe yalipotea, ndugu msomaji, tena mengi, lakini sikuona sababu ya kuwaharibia wazee furaha yao.

Mjukuu wangu ndiye mpiga gitaa la solo. Akishachomeka waya kwenye amplifaya haanzi kupiga wimbo. Hupiga nyuzi mara moja, husikiliza, huzungusha kitufe kimoja, hupiga tena, husikiliza tena, hukirudisha kitufe kilipokuwa. Wenzake hukaa juu ya viti wakichezea simu. Nusu saa hupita hivyo. Siku moja nilichoka, nikamwuliza, "Mura, unatafuta nini humo ndani?" Akanijibu bila kugeuka, "Natafuta sauti safi, Babu. Bado haijawa safi."

Nilirudi nyumbani na jibu hilo, nikalala nalo, likanikosesha usingizi. Kijana hakusema lolote la ajabu. Ila mimi mwenyewe, mwaka 1984, nililiandika neno hilo hilo kwa mkono wangu katika kitabu cha kumbukumbu cha baraza la kanisa, nalo likamfanyia mtu jambo ambalo sijalisahau. Nitalieleza. Lakini kwanza yanipasa kueleza anachokifanya mjukuu wangu, maana nimekaa naye Jumamosi nyingi hata nimejifunza, na mwalimu hawezi kujifunza kitu akanyamaza.

Gitaa la umeme halina tumbo kama gumbasi la zamani. Ukilipiga bila umeme hutoa sauti ndogo kama ya mtu anayenong'ona chini ya blanketi. Kazi hufanywa na sumaku ndogo zilizozungushiwa waya mwembamba sana wa shaba, maelfu ya mizunguko, zikakaa chini ya nyuzi za chuma. Uzi ukitikisika juu ya sumaku, umeme mdogo huzaliwa ndani ya waya ule, nao hutikisika kama uzi unavyotikisika. Kifaa hicho vijana hukiita pikapu. Mara ya kwanza nilipowasikia wakisema kwamba pikapu ya mbele ina sauti nzito kuliko ya nyuma, nilitoka nje kutazama ni magari gani yamefika.

Umeme ule mdogo huingia katika amplifaya, ukakuzwa mara nyingi, ukapelekwa kwenye spika. Hapo ndipo penye siri yote. Mfano wake ni mawimbi ya Ziwa Viktoria. Mashine inatakiwa iyatoe mawimbi yakiwa na umbo lile lile yaliyoingia nalo, ila makubwa zaidi. Ukiilazimisha kukuza kupita uwezo wake, vichwa vya mawimbi hukatwa, yakawa bapa juu kama paa lililoezuliwa na upepo. Sikio halioni paa, lakini husikia mkwaruzo. Kwa hiyo anayetaka sauti safi hukiweka chini kitufe kinachoingiza nguvu, kile wanachokiita geini, akakipandisha kile cha mwisho kinachotoa sauti nje. Vitufe vya besi, kati na treble huanza navyo vyote katikati, kisha hupunguza.

Nasema hupunguza, maana hilo lilinishangaza. Nilidhani kutengeneza sauti ni kuongeza. Yeye kwanza hupunguza besi, kwa sababu besi ya gitaa lake hugombana na gitaa la besi na sauti za wanaume. Kanisa letu lina sakafu ya saruji na paa la bati, na uvumi mzito ukianza kuzunguka humo hauna pa kutokea. Mwangwi wa mashine huufunga kabisa. Hulisema bati ndilo mwangwi wake. Treble huiacha juu kidogo kuliko anavyopenda. Nilipomwuliza sababu, alinieleza kwamba Jumamosi kanisa ni tupu, na Jumapili likijaa watu, miili na nguo zao hunywa ule ukali wa sauti. Sauti inayochoma kidogo leo itakuwa sawasawa kesho. Nikajiambia kwamba mtoto huyu anawapangia nafasi watu ambao hawajafika bado.

Palikuwa na jambo la mvumo. Kwa miezi kadhaa amplifaya ilikuwa ikinguruma mfululizo hata kama hakuna aliyegusa gitaa, ngurumo nzito ya chini, kama nyuki ndani ya mzinga. Vijana waliombea, wakabadilisha waya, wakanunua waya mwingine, wakaombea tena. Mjukuu wangu aligundua kwamba akizigusa nyuzi kwa mkono ngurumo hupungua, akiziachia hurudi. Hatimaye tulimwita fundi wa umeme kutoka mjini. Alifungua soketi ukutani, akacheka. Waya wa ethi haukwenda popote. Ulikuwa umekatwa vizuri, ukakunjwa, ukafichwa nyuma ya soketi, na ile fimbo ya shaba iliyotakiwa kufukiwa ardhini haikuwahi kununuliwa. Umeme wetu hubadili mwelekeo kwa mizunguko 50 kila sekunde, na gitaa, ambalo kazi yake ni kusikia mitikisiko midogo, lilikuwa likiisikia mizunguko hiyo na kututangazia. Fundi akasema tushukuru kuwa ni kelele tu. Mtu angeshika gitaa kwa mkono mmoja na maikrofoni ya chuma kwa midomo, tungeweza kumzika.

Tuliifukia fimbo nyuma ya kanisa, tukamwagia maji kwa kuwa ilikuwa kiangazi. Ngurumo ilipungua sana. Haikuisha, maana gitaa lenye pikapu ya koili moja hubaki na mvumo kidogo. Ndiyo sababu mwaka 1955 mhandisi mmoja wa kampuni ya Gibson huko Marekani, Seth Lover, alibuni pikapu yenye koili mbili zinazopingana ili mvumo wa moja uufute mvumo wa nyingine. La kwetu ni la koili moja. Tunavumiliana nalo.

Sasa hapo, ndugu msomaji, kila mtu anaweza kukubali kwamba ngurumo ile ilikuwa uchafu. Hakuna aliyeikusudia wala aliyeipenda, na chanzo chake kilikuwa uvivu wa mtu aliyelipwa fedha ya ethi asiiweke. Lau uchafu wote wa sauti ungekuwa wa namna hiyo, ningelala usingizi. Lakini kuna mkwaruzo mwingine, nao hutafutwa kwa makusudi. Mwaka 1964 huko London, kijana aitwaye Dave Davies wa bendi ya Kinks aliichana karatasi ya spika yake kwa wembe ili gitaa likwaruze, na ulimwengu mzima ukaupenda mkwaruzo ule. Mjukuu wangu ananiambia kwamba leo watu hununua vikasha vya kukanyaga kwa mguu, kazi yake moja tu: kuikwaruza sauti ambayo mashine ingeitoa bila mkwaruzo. Wakati huo huo wengine hulipa fedha nyingi kwa amplifaya ya Roland JC-120, iliyotoka mwaka 1975, ambayo sifa yake kubwa ni kwamba haikwaruzi hata ukiifungua. Nikamwuliza, wewe uko upande gani? Akatabasamu. Akanionyesha kwamba geini haiko chini kabisa. Ameipandisha kidogo sana, hata akipiga polepole sauti inakuwa nyororo, na akipiga kwa nguvu inapasuka kidogo pembeni. "Ikiwa safi kabisa," alisema, "inakuwa kama maji ya kuchemsha. Ni salama lakini hayana ladha."

Nilikaa kimya. Maneno hayo, kwa namna nyingine, niliwahi kuambiwa.

Mimi ni Mkurya wa Tarime, lakini sehemu kubwa ya kazi yangu niliifanya upande wa Serengeti. Katika kijiji nilichokuwa mwalimu mkuu alikuwapo mzee mmoja mpigaji wa litungu, au iritungu kama tunavyosema kwetu. Kwa wasiolijua, litungu ni kinanda cha nyuzi nane, chenye bakuli kubwa la mti lililowambwa ngozi ya ng'ombe, na mikono miwili inayoshika mti wa juu zinapofungwa nyuzi. Jirani zetu Wajaluo wana nyatiti, nao wa nyuzi nane, na Wakisii wana obokano. Litungu halitoi sauti nyembamba ya kinanda. Huvuma. Kila uzi ukipigwa hutoka na mvumo wake, kama mtu mwenye kifua kizito anayesema na kukoroma kwa pamoja, na mtu aliye mbali husikia mvumo kabla ya kusikia wimbo. Si Wakurya peke yao wanaopenda hivyo. Wagogo, katika marimba zao za mkono, hutoboa tundu na kulifunika kwa utando wa buibui ili kila ncha ikiguswa utando ule ulie pamoja nayo. Marehemu Hukwe Zawose, aliyefariki mwaka 2003, alizunguka dunia na sauti hiyo na hakuna aliyemwambia aifute.

Mzee huyo aliokoka. Akabatizwa, akaja kila Jumapili na shati jeupe. Baada ya miezi michache akaja kwa baraza la kanisa na ombi moja: alitaka kumpigia Mungu litungu. Baraza lilikuwa na wazee saba, na mimi ndiye niliyekuwa katibu. Walinigeukia kwa kuwa nilikuwa nimesoma. Chuo cha ualimu nilikosoma kilinifundisha muziki wa do re mi, ukutani palikuwa na chati yake, na mwalimu wetu alikuwa na uma mdogo wa chuma. Aliugonga mezani ukatoa sauti moja nyembamba, iliyonyooka, isiyo na kitu kingine pembeni. Hiyo, alisema, ndiyo sauti safi. Nilimwamini kama nilivyomwamini katika hesabu.

Nikaandika: "Baraza limeona kwamba chombo hicho hakina sauti safi inayofaa ibada." Wote wakatia sahihi.

Mzee aliponijia nyumbani kuuliza maana, nilimsomea. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Mwalimu, litungu lisilovuma ni mti tu." Alipofika mlangoni akaongeza, "Siku ya Mwenge hukuniambia kuwa ni chafu."

Yaani mwaka huo huo, Mwenge wa Uhuru ulipopita, nilikuwa nimemwita mimi mwenyewe aje kuupokea pamoja na watoto wa shule. Nilimpa soda, nikampigia makofi mbele ya wageni wa wilaya. Nilikuwa mtu wa siasa safi. Nilijua vizuri kwamba Mwalimu Nyerere, mwana wa Butiama wa mkoa wetu huu, alilihutubia Bunge Desemba 1962 akawasuta wasomi waliojua kucheza rumba na chachacha wasizijue ngoma zao wenyewe, na somo hilo nililifundisha darasani kwa bidii. Siku ya Jumatatu litungu lilikuwa fahari ya taifa. Siku ya Jumapili halikuwa na sauti safi. Sikuona tatizo lolote, maana siku hizo mbili nilizipitia nikiwa nimevaa makoti tofauti.

Nisijionee mno. Hofu ya baraza haikuwa bure. Litungu lilikuwa na mambo yake. Lilipigwa penye pombe, na baadhi ya nyimbo zake ziliwasifu mashujaa wa kuiba ng'ombe, na katika wilaya zetu watu walikuwa wakizikwa kwa sababu ya ng'ombe na ugomvi wa koo. Muumini mchanga kukaa na chombo kile mbele ya mimbari kungeweza kuwakumbusha watu mambo ambayo hatukuyataka. Hiyo ilikuwa sababu halali. Tungeweza kumwambia, "Mzee, tunaogopa nyimbo zako za zamani, tupigie mpya tuzisikie." Angeweza kujibu. Angeweza hata kutushinda kwa hoja. Lakini mimi sikuandika hofu yetu. Niliandika habari ya sauti, kana kwamba nimeipima kwa mizani. Sauti haiwezi kujitetea, wala mtu hawezi kuikatia rufaa hukumu ya sikio la mwenye cheti.

Hapo ndipo swali linaponisumbua. Neno safi katika Kiswahili chetu ni neno jema kupita kiasi. Maji ni safi, moyo ni safi, hati ya hesabu ni safi, na kijana akifurahia jambo lolote husema tu "Safi!" Neno likibeba mizigo mingi hivyo, ni rahisi mtu kuingiza ndani yake mzigo wa magendo. Husema sauti ni chafu, akiwa na maana kwamba watu walioipenda ni wachafu, au kwamba yeye haijui.

Vijana wa leo hawaamini wakiambiwa kwamba gitaa lenyewe liliwahi kuwa chafu. Tulipokuwa vijana gitaa lilikuwa chombo cha dansi na baa. Tulilisikia kwa Franco wa Kongo na kwa Mbaraka Mwinshehe wa Morogoro, aliyefariki kwa ajali mwaka 1979, na hapa kwetu kwa Daniel Owino Misiani, mzaliwa wa pande za Shirati aliyevuka mpaka akawa mfalme wa benga huko Kenya hadi alipofariki mwaka 2006. Sikiliza gitaa la benga: nyuzi zinadondoka moja moja kama mvua ya rasharasha, kila sauti peke yake, nyembamba na angavu. Kwa kipimo cha mjukuu wangu, hiyo ni sauti safi kuliko yake. Lakini mchungaji wetu wa wakati ule hakutaka hata kuisikia ikitoka kwenye redio ya jirani. Uchafu haukuwa katika mawimbi. Ulikuwa katika kumbukumbu za waliokuwa wakisikiliza, na wale walipokufa, gitaa likatakata bila mtu kulisafisha.

Je, niseme basi kwamba usafi wa sauti hauko, ni mazoea tu? Nimejaribu kusema hivyo, na siwezi. Nakumbuka Jumapili moja kijana mwingine, si mjukuu wangu, alipoazima kikasha cha kukwaruza akakikanyaga katikati ya wimbo wa kutubu. Mama mmoja aliyekuwa analia aliacha kulia, akamtazama kijana. Sote tulimtazama kijana. Nadhani ndicho alichotaka. Mkwaruzo ule ulikuwa chafu, ingawa Jumapili nyingine, katika wimbo mwingine, usingekuwa na kosa. Kwa hiyo kukusudia peke yake hakutoshi. Yule aliyekata ethi hakukusudia kelele, huyu aliikusudia, na wote wawili walituziba masikio tusisikie kilichotuleta.

Mtume Paulo anawaambia Wakorintho kwamba hata vyombo visivyo na uhai, filimbi au kinubi, visipotofautisha sauti zake hakuna atakayejua kinachopigwa. Kwa miaka mingi nilidhani andiko hilo linanitetea mimi na uma wangu wa chuma. Sasa naona kwamba Paulo hakuuliza kama sauti imenyooka. Aliuliza kama inaeleweka. Na kwa wazee wa kijiji kile, litungu lilieleweka kuliko Tenzi za Rohoni, ambazo tulizipokea na sauti zake kutoka ng'ambo na kuziimba tukiwa tumesimama wima kama askari. Nabii Amosi naye anasema Mungu anachukia kelele za nyimbo na vinanda, lakini ukiusoma ule mlango wote utaona kwamba kinachonuka si vinanda. Ni dhuluma ya wapigaji.

Wakubwa kuliko sisi wamehangaika na jambo hili. Augustino, katika kitabu cha kumi cha Maungamo yake, anakiri kwamba kuna nyakati ambapo uimbaji unamgusa kuliko kinachoimbwa, naye anaona ametenda dhambi. Kisha anakumbuka machozi aliyoyatoa kanisani siku za kuokoka kwake, akasita kuziondoa nyimbo. Hakumaliza. Huko Zurich, wafuasi wa Zwingli waliivunja ogani ya kanisa lao kuu mwaka 1527, na Zwingli mwenyewe alikuwa mwanamuziki hodari. Ndugu zetu Wakatoliki, mtaguso wao mwaka 1963, waliruhusu vyombo vya mataifa mengine vitumike katika ibada, mradi vinafaa. Na ndiyo maana leo ngoma na kayamba ziko madhabahuni kwao. Nimewahi kumwambia padre mmoja rafiki yangu kwamba walitutangulia kwa hilo. Akacheka, akasema hata kwao neno "vinafaa" limeua litungu wengi.

Kuna jambo jingine ambalo limeninyenyekeza. Mwaka jana, mjukuu wangu alilalamika kwamba amplifaya inatoa mchirizo mwembamba wa juu, kama mafuta kwenye kikaango. Vijana wote waliusikia. Mimi sikusikia kitu. Nilisogeza sikio mpaka kwenye kitambaa cha spika, kimya. Nilipokwenda hospitali kwa mambo mengine daktari aliniambia ni kawaida ya uzee, sauti za juu huondoka kwanza, polepole, na mwenyewe hupati taarifa. Nilikumbuka ni mara ngapi nimemwambia kijana aongeze treble kwa sababu sauti ni nzito. Alikuwa akiongeza kwa heshima, nikitoka anapunguza. Sasa najiuliza: lile sikio lililoandika hukumu mwaka 1984 lilikuwa zima kwa kipimo cha daktari, lakini lilikuwa limekwisha kupoteza nini bila taarifa? Mama yangu alinilaza usingizi katika boma ambamo litungu lilikuwa likipigwa jirani. Niliupenda mvumo ule kabla sijajua kusema. Na nilipomaliza chuo sikuusikia tena kama sauti. Niliusikia kama kasoro.

Mzee yule hakuacha kanisa. Hilo ndilo lingenipa nafuu, kama angeondoka kwa hasira. Alikaa benchi la nyuma na shati lake jeupe miaka tisa hadi alipofariki, na katika miaka hiyo sikumwona akiimba. Niliongoza mazishi yake kwa niaba ya baraza. Baadaye nilimwuliza mwanawe litungu liko wapi. Alisema aliliuza kwa watalii, njiani kuelekea Lango la Ikoma, kwa fedha ya mifuko miwili ya saruji. Sikumlaumu. Pengine linatundikwa ukutani mahali fulani Ulaya, mahali pakavu, pasipo mchwa, na hakuna anayeligusa.

Kitabu cha kumbukumbu bado kipo. Katibu wa sasa, msichana hodari, ananakili vitabu vya zamani katika kompyuta, na juzi aliniletea daftari hilo nimsomee mwandiko wangu kwa kuwa wino umefifia. Tulipofika ukurasa ule nilimsomea kama ulivyo. Akauliza, "Chombo gani hicho, Mwalimu?" Maana sikukiandika jina. Katika mistari kumi na miwili niliandika "chombo hicho" mara tatu, na litungu halimo. Nikamwambia aliandike jina pembeni, aonyeshe kwamba limeongezwa sasa, na nani kaliongeza.

Jumamosi iliyopita nilimweleza mjukuu wangu habari hii yote. Nilitarajia aniulize kwa nini, kama vijana wanavyouliza. Hakuuliza. Alitoa mfukoni risiti ya duka, akaikunja nyembamba, akaipitisha kati ya nyuzi za gitaa karibu na mwisho wake, uzi mmoja juu, mmoja chini. Akapiga. Gitaa likavuma. Halikuwa litungu, lilikuwa kama mtoto anayemwigiza babu yake anavyotembea, lakini nywele zilinisimama. Wenzake wakaacha simu zao.

"Litungu linafungwaje, Babu? Niimbie nyuzi zake."

Nikaimba wa kwanza, akautafuta akaupata. Nikaimba wa pili. Tulikwenda hivyo, yeye akizungusha vigingi, mimi nikiwa nimefumba macho, mpaka wa saba. Wa nane haukuja. Nilijua uko upande wa chini, nilijua unakaa karibu na wa tatu, niliufungulia mdomo mara mbili ukatoka mwingine. Mchungaji akaingia, akauliza hiyo kelele ni ya nini. Mjukuu wangu hakuichomoa risiti. Alinitazama, akasema, "Tumngoje Babu kidogo, Mchungaji. Anautafuta uzi."